Ndege, Roboti na Vidole vya Mtoto

Kwenye maduka mengi ya Kariakoo kuna karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa sababu hiyo anayenunua balbu hujaribishiwa balbu, anayenunua redio huwashiwa redio, akiridhika analipa na mambo yanaishia hapo. Lakini kichezeo cha mtoto, hasa kile cha kwenye boksi lenye dirisha la plastiki, hununuliwa kwa macho. Mzazi anatazama picha, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anafungiwa. Jioni kikivunjika, anayegombezwa ni mtoto. Nimekaa nyuma ya kaunta katika duka la shangazi yangu kwa miaka, na kilio hicho cha jioni ndicho kinachonifanya niandike juu ya kichezeo kimoja kilichopendwa kuliko vyote: shujaa anayeruka kama ndege ya kivita, kisha anakunjuka na kusimama kama roboti.

Duka lilikuwa dogo, jirani na Mtaa wa Kongo, limebanwa kati ya muuza mapazia na muuza vyombo. Miezi mingi ya mwaka tuliuza madaftari, mabegi ya shule na mipira. Vichezeo vilikuwa na misimu miwili: kumi la mwisho la Ramadhani na wiki za kuelekea Krismasi. Hapo wazazi walijaa mpaka barazani, watoto wameshikwa mikono wasipotee, wengine wamekunja hela zao za sikukuu kwenye ngumi. Mzigo mwingi ulikuja kwa kontena kutoka China, kwa mikono ya wafanyabiashara waendao Guangzhou na Yiwu. Vile halisi, vya kampuni iliyovibuni, tulivipata mara chache, vimepitia Dubai, bei yake ikiwa mara kadhaa ya kopi. Filamu ya Iron Man ilipotoka mwaka 2008 na kuzunguka kwenye mabanda ya video, watoto walianza kuja wakimtaka yule mwekundu mwenye uso wa dhahabu. Akiwa na mabawa, ndiyo kabisa.

Mwaka huohuo kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa mfululizo wa mashujaa wa Marvel wanaogeuka mashine. Iron Man aligeuka ndege ya kivita, Hulk akageuka kifaru cha vita. Wakubwa wengi waliona ni mchanganyiko wa ajabu, lakini nyumba hizo mbili zilikuwa na undugu wa siku nyingi. Roboti za kugeuka zilianza Japani, ambako kampuni ya Takara ilitoa mfululizo wa Diaclone mwaka 1980. Roboti zile zilikuwa mashine za kuendeshwa, na rubani mdogo wa plastiki alikaa ndani yake. Hasbro ilipozileta Marekani mwaka 1984 na kuziita Transformers, ilitaka ziwe viumbe wenye majina, tabia na ugomvi wao. Kazi hiyo ilipewa Marvel, na mwandishi wake Bob Budiansky ndiye aliyezitungia roboti nyingi majina na wasifu. Katika toleo la tatu tu la jarida la katuni la Transformers, Spider-Man mwenyewe alitokea. Kwa hiyo shujaa na roboti walikwisha kukutana muda mrefu kabla Iron Man hajaota mabawa.

Historia hiyo nilikuja kuisoma baadaye, ikanifungua macho juu ya mambo niliyokuwa nikiyaona kaunta bila kujua chanzo chake. Chukua Starscream, jeti maarufu kuliko zote za mwaka 1984, aliyechongwa kwa umbo la F-15. Alitoka kwenye kalibu ya Diaclone, na ndiyo maana kioo cha rubani kifuani mwake kinafunguka. Lakini ngumi zake zilikuwa vipande vya pembeni: ukimgeuza kuwa ndege unazichomoa, ukitaka roboti unazichomeka. Mabawa, mapezi ya mkia na makombora pia yalichomekwa. Kwa mtu mzima mwenye kabati la vioo, hilo si tatizo. Kwa mtoto anayecheza uani, ngumi ya kwanza hupotea siku ya kwanza, na kuanzia hapo shujaa wake ni kilema. Shangazi yangu hakumjua Starscream wala Takara, ila alikuwa na swali lake kwa kila jeti mpya iliyoingia dukani: "Kikigeuka, kinabaki na nini mezani?" Kilichobakiza vipande alikiweka rafu ya juu, kwa watoto wakubwa.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Kila mzigo ukifika, boksi moja lilifunguliwa liwe sampo. Jukumu langu lilikuwa kuijua ile sampo, kuigeuza kwenda na kurudi mpaka niweze kujibu chochote nitakachoulizwa. "Usimuuzie mtu kitu usichokijua, mwanangu," alikuwa akiniambia. Lakini mteja akifika, sikuruhusiwa kuigeuza mbele yake kabla mtoto hajaishika. Wauzaji wa jirani waliigeuza jeti kwa mikono miwili, tak tak tak, roboti hii hapa, mzazi akatabasamu, akatoa hela. Shangazi alisema huko ni kuonyesha ufundi wa muuzaji, wala mtoto hanunuliwi vidole vya muuzaji. Sampo ilikuwa ya mtoto kwanza.

Namkumbuka mvulana mmoja wa kama miaka sita aliyekuja na baba yake, saa za jioni watu wakikimbilia futari. Sampo ya siku ile ilikuwa jeti nyekundu yenye michirizi ya njano. Aliipokea, akaipeleka juu na chini mara kadhaa huku akivuma kwa mdomo, kisha akaigeuza chali. Chini ya tumbo aliona miguu imekunjwa, akaivuta nyuma. Pua ya ndege ikainama yenyewe, akaisukuma mpaka ikalia klak, na kichwa cha roboti kikachomoza. Bawa la kushoto likafunguka. La kulia likagoma. Baba yake akanyoosha mkono: "Lete nikusaidie." Shangazi akamzuia kwa upole, "Muache, baba, ndiyo kwanza anakifahamu." Mtoto hakuvuta kwa nguvu. Aliliangalia bawa la kushoto, akaona kuna kijino kinachotakiwa kubonyezwa, akakitafuta upande wa pili, akakibonyeza. Roboti ikasimama juu ya kioo cha kaunta. Mtoto hakushangilia sana. Aliitazama kidogo, kisha, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuirudisha kuwa ndege.

Shangazi alikuwa akisubiri kule kurudisha. Kwenda ni rahisi, kwa sababu kila kitu kinafunguka na picha ya roboti iko kwenye boksi. Kurudi kunataka mpangilio: mkono uingie kabla ya mguu, kichwa kizame kabla pua haijafunga, la sivyo mabawa hayakai sawa na tumbo linabaki wazi. Kichezeo kilichobuniwa vizuri kinamwongoza mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Kipande kikifika mahali pake kinatoa mlio au kinakaza, na kikiwa pasipo pake kinakataa waziwazi. Kilichobuniwa vibaya kinanyamaza. Mtoto hajui kama amefika au bado, anaongeza nguvu, na bawaba inakatika. Basi kipimo cha kwanza cha jeti-roboti nikakichukua hapo: je, mtoto huyu, kwa vidole vyake hivi, anaweza kwenda na kurudi? Asipoweza kurudi, umemnunulia sanamu ya roboti yenye mgongo mzito.

Mgongo huo nao ni jambo la kupimwa. Ndege ina mabawa na mkia, na ikigeuka roboti vitu hivyo havina pa kwenda, vinaishia mgongoni. Uzito wote unavuta nyuma. Nyingi katika kopi tulizofungua zilisimama kwenye picha tu. Mezani zilianguka chali, au zilisimama kwa kuegemea mkia. Mtengenezaji makini huweka kisigino kinachokunjuka nyuma ya unyayo, au hutegesha mabawa yakunjwe karibu na mabega ili uzito uje mbele. Tulijaribu hivi: simamisha roboti kwenye kaunta, nyanyua mkono wake mmoja, kisha gonga meza kidogo kwa kiganja. Ikisimama, itasimama sakafuni nyumbani.

Kwa upande wa ndege, watu wazima hulalamika kwamba ukiipindua unaiona roboti imejikunja chini yake, mikono na miguu nje nje. Malalamiko hayo sikuwahi kuyasikia kwa mtoto. Mtoto haichezei ndege kwa kuipindua. Anaishika tumboni na kukimbia nayo. Kwa hiyo nilikuwa naishika vilevile na kuitikisa. Mabawa yakilegea na kuning'inia, au mguu ukichomoka katikati ya safari, hiyo si ndege. Nilipitisha pia kidole kwenye pua na ncha za mapezi. Kwa kuwa mtoto hukimbia nayo na mara nyingine huanguka nayo, ncha zinapaswa ziwe butu au za plastiki laini inayopinda.

Baada ya hapo ndipo nilipoangalia viungo vyenyewe, na hapa ndipo inapoonekana fedha yako imekwenda wapi. Kiungo kizuri kimepitishiwa pini ya chuma au kimefungwa kwa skrubu. Kiungo cha bei ya chini ni kijiti cha plastiki kilichosukumwa kwenye tundu la plastiki. Kuna viungo vya mpira mdogo unaozunguka ndani ya kikombe, kama nyonga ya mtu. Hivyo ni vizuri kwa mabega, maana vikizidiwa vinachomoka badala ya kukatika, na mtoto anavirudishia. Kuna viungo vya meno, vinavyolia vikizungushwa. Hivyo vinafaa kwa nyonga na magoti yanayobeba uzito. Geuza sampo kwenye mwanga na utazame pale plastiki inapopinda. Ukiona mstari mweupe umejitokeza, plastiki imekwisha kuchoka na itakatika hapohapo. Nilikuwa nawaonyesha wazazi mstari huo, na wengine walishtuka kuona kitu kipya kabisa, hakijatoka hata kwenye boksi, kimekwisha kuanza kuvunjika.

Jua letu nalo lina sehemu yake. Mwaka 1985 Hasbro iliuza jeti kubwa nyeupe iitwayo Jetfire, iliyotokana na kalibu ya kampuni nyingine ya Japani, Takatoku, kwa ndege za katuni ya Macross alizobuni Shoji Kawamori. Watu wanaokusanya vichezeo vya zamani wanaijua Jetfire kwa uzuri wake, na pia kwa weupe wake kugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Mwanga wa jua huharakisha hali hiyo kwenye plastiki nyingi, nazo huwa ngumu na nyepesi kuvunjika. Dukani kwetu zile zilizotundikwa mlangoni kuvutia wateja ndizo zilizoharibika mwanzo. Shangazi hakukubali ziuzwe kwa bei ya zilizokuwa ndani. Mzazi anayenunua barazani na achague boksi la ndani, na akifika nyumbani asiache ndege ya mtoto dirishani.

Usalama sikuuweka mwisho kwa kuwa ni mdogo. Dukani ulikuja kwanza kila mara mtoto mchanga alipokuwa amebebwa mgongoni na mama anayenunua. Kichezeo ni cha kaka mtu, lakini makombora yake yataokotwa na mdogo wake. Sheria za Marekani hupima vipande vidogo kwa kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7, mfano wa koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu: kipande kinachozama chote humo hakifai kwa mtoto wa umri huo. Nyumbani tumia kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana zaidi kidogo, hivyo kinakuweka upande salama. Kombora, ngumi au kofia ya shujaa ikizama humo, iweke mbali na mdogo. Kama roboti inawaka taa au inatoa sauti, tazama mlango wa betri: lazima ufungwe kwa skrubu. Betri ndogo za duara, zile za saa, mtoto akizimeza zinaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili, na mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kusubiri dalili. Kuhusu rangi, sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoka, usinunue. Rangi isiyotoka si uthibitisho kwamba haina madini ya risasi, maana hayo hayaonekani kwa macho, lakini inayotoka kwa kitambaa itatoka pia mdomoni mwa mtoto.

Najua wazazi wengi watasema: yote haya ni ya vichezeo vya bei mbaya, sisi uwezo wetu ni kopi. Nimewauzia wazazi hao, na mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo sisemi kwa kudharau. Kati ya kopi na kopi kuna tofauti kubwa. Mbili zenye bei moja na picha moja hutoka kwenye viwanda viwili tofauti, moja ina pini za chuma, nyingine haina. Kuna wakati Shangazi alimshauri mama aache jeti kubwa yenye hatua nyingi achukue ndogo ya bei nusu inayogeuka kwa miondoko michache, kwa sababu mtoto wake alikuwa ameivuta ile kubwa mpaka bawa likachomoka. "Hii bado inamzidi," alimwambia. "Akifika darasa la tatu uje tupige hesabu tena." Faida ya siku ile ilipungua. Mama yule alirudi, na madaftari ya shule akanunua kwetu.

Baadaye, nilipoacha kukaa dukani, nilipata kipimo kingine ambacho kaunta haiwezi kukupa. Ninapotembelea ndugu na jamaa, huangalia vichezeo vya watoto viko katika umbo gani. Jeti-roboti nzuri huikuti katika umbo lilelile mara mbili: leo iko juu ya friji kama ndege, wiki ijayo iko chini ya kitanda kama roboti, siku nyingine imeachwa katikati, mguu mmoja nje, kwa kuwa mwenyewe aliitwa kula. Mbaya utaikuta miezi na miezi katika umbo moja. Wakati mwingine mzazi ameifunga kwa gundi, wakati mwingine mtoto amegundua kwamba akiigeuza itavunjika na yeye ndiye atakayechapwa. Anaiogopa. Amepewa kitu cha kucheza, akajifunza kukilinda na yeye mwenyewe.

Hilo linaniuma kuliko fedha iliyopotea. Kichezeo cha kugeuka kina somo zuri ndani yake: kwamba jambo gumu lina mlango wake, kwamba ukitulia na kutazama upande uliofunguka utajua kuufungua upande uliogoma, na kwamba ulichokifungua unaweza kukifunga tena. Mvulana yule wa jioni ya Ramadhani alilipata somo hilo mbele yangu bila mtu mzima kumfundisha neno. Lakini plastiki mbovu inafundisha kinyume chake. Inamwambia mtoto kwamba kila anachokigusa kinaharibika, na sisi wakubwa tunalitilia mkazo somo hilo kwa kupiga kelele: "Umeshavunja! Nimekununulia leo tu!" Kosa ni la kiwanda na la mnunuzi aliyenunua picha, adhabu inamwendea aliye mdogo kuliko wote na asiye na cha kujitetea.

Nimejifunza kwa Shangazi kwamba kitu hukaguliwa na mkono utakaokitumia. Kanuni hiyo nimeipeleka mbali na vichezeo: nikinunua cherehani nampa fundi ashone, nikichagua begi la shule nambebesha mwanafunzi na madaftari yake ndani. Kwa jeti-roboti nimeifupisha hivi: mtoto aende na kurudi mwenyewe, roboti isimame ikigongwa meza, ndege isilegee ikitikiswa, viungo viwe na chuma na visiwe na mstari mweupe, betri iwe chini ya skrubu, na kisibaki kipande mezani. Kikipita humo, nunua kwa moyo mmoja, kiwe na jina la kampuni kubwa au kisiwe nalo. Kisipopita, picha ya boksi isikuhadae, hata kama shujaa wake amechorwa akiruka juu ya miali ya moto.

Sikukuu zinakuja tena, na mabwana na mabibi wa maduka watakuwa na haraka. Usikubali kuharakishwa. Nenda na mwanao, mwombe muuzaji sampo, umpe mtoto mkononi, kisha wewe kunja mikono yako na umwangalie. Muuzaji akikataa kufungua boksi, nenda duka la pili. Kariakoo hakuna uhaba wa maduka. Na ikitokea kikavunjika hata baada ya hayo yote, usimgombeze mtoto. Kaeni pamoja, mkitazame kilipokatikia, umwambie kwamba si yeye aliyekosea.